Namna ya Kula Chokoleti Nyeusi kwa Manufaa ya Afya katika Joto la Dodoma

Dada yangu, ambaye ametumia dawa za presha kwa miaka kadhaa, aliniuliza siku moja tukiwa jikoni kwangu, mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, kama ni kweli kwamba chokoleti nyeusi hushusha presha, na kama ni kweli, ale kiasi gani. Swali lake halikujibika kwa ndiyo au hapana, kwa sababu kinachousaidia mwili ni kakao, na chokoleti huibeba kakao hiyo pamoja na sukari, mafuta na wakati mwingine maziwa, kwa vipimo ambavyo kila kiwanda hujiamulia. Paketi mbili zilizopangwa rafu moja na zenye rangi inayofanana zinaweza kuwa vyakula viwili tofauti kabisa. Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili yake, na kwa kila mkazi wa Dodoma na mikoa ya jirani anayetaka kula chokoleti nyeusi kwa faida bila kupoteza fedha na bila kujidanganya.

Kazi ya kakao mwilini

Kakao ni mbegu za mti unaopenda mvua nyingi, ndiyo maana hutaukuta ukistawi Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 570. Nchini mwetu hulimwa zaidi Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ambako wakulima huiita kokoa, na pia katika baadhi ya maeneo ya Morogoro. Mbegu huchachushwa kwa siku kadhaa, hukaushwa juani, hukaangwa, kisha husagwa. Ndani yake mna viini vya mimea vinavyoitwa flavanoli, ambavyo huusaidia utando wa ndani wa mishipa ya damu kutengeneza oksidi ya nitriki, gesi inayoifanya misuli ya mshipa ilegee. Mshipa uliolegea hutanuka, na damu hupita kwa shinikizo dogo zaidi.

Ukubwa wa faida hiyo ndio jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Mwaka 2017 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio 35 yaliyofanywa kwa binadamu, mengi yakiwa ya wiki chache tu, wakaona kwamba bidhaa zenye flavanoli nyingi zilishusha presha kwa wastani wa karibu milimita 1.8 za zebaki. Ni upungufu wa kweli, lakini ni mdogo. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa la Marekani liitwalo COSMOS, lililohusisha watu wazima zaidi ya 21,000, ambapo baadhi yao walipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku. Idadi ya jumla ya matukio ya ugonjwa wa moyo na mishipa haikupungua kwa kiwango cha kuthibitisha, ingawa vifo vilivyotokana na magonjwa hayo vilikuwa vichache zaidi katika kundi lililopata kakao. Tena watu hao walimeza kapsuli. Hawakula chokoleti yenye sukari.

Nilimweleza dada yangu haya yote, nikamwambia wazi kwamba vidonge vyake asiviache hata siku moja. Msimamo wangu ni kwamba chokoleti nyeusi ni chakula kizuri kinachoweza kuchukua nafasi ya vitafunwa vibaya. Haijawa dawa, na anayeiuza kama dawa anamkosea mgonjwa.

Hatua ya kwanza: Ijue hali yako kabla ya kununua

Pima presha na sukari katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, uandike namba hizo na tarehe katika daftari dogo, kisha upime tena baada ya wiki nne na baada ya wiki nane. Bila kumbukumbu hiyo utabaki kukisia, na makisio huegemea kile ambacho mtu anatamani kiwe kweli.

Wapo watu wanaopaswa kuzungumza na daktari kwanza. Mwenye kisukari anaweza kula kiasi kidogo, lakini lazima akihesabu katika wanga wa siku hiyo. Mwenye kiungulia cha mara kwa mara anaweza kukiona kikizidi, na aliyewahi kupata mawe kwenye figo akumbuke kwamba kakao ina oksaleti nyingi, nazo huchangia baadhi ya aina za mawe hayo. Wapo pia wanaoamshiwa kipandauso na chokoleti, na wapo wanaotumia baadhi ya dawa za sonona ambazo hazipatani nayo.

Jambo la damu nalieleza kwa urefu kidogo, kwa kuwa akina mama wengi huambiwa kwamba chokoleti nyeusi huongeza damu. Ni kweli kwamba gramu 100 za chokoleti yenye kakao ya asilimia 70 hadi 85 huwa na takriban miligramu 12 za madini ya chuma, kiasi kinachovutia sana kikisomwa kwenye karatasi. Hata hivyo, chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida, na viini vilevile vya kakao vinavyoisaidia mishipa huzuia ufyonzwaji huo, kama majani ya chai yanavyofanya. Mjamzito anayetumia vidonge vya kuongeza damu avimeze saa kadhaa mbali na kakao, wala asihesabu chokoleti kuwa mbadala wa vidonge hivyo.

Hatua ya pili: Geuza paketi, usome nyuma

Katika duka moja karibu na Soko la Majengo niliomba chokoleti nyeusi, na kijana muuzaji akanipa paketi akisema, "Hii ndiyo nyeusi yenyewe, mama, chukua." Nilipoigeuza, kiungo cha kwanza kilikuwa sukari, cha pili mafuta ya mawese, na kakao ilikuja nafasi ya nne. Kijana hakuwa na nia mbaya. Aliihukumu kwa rangi, kama wanunuzi wake wanavyofanya, na rangi ndicho kigezo dhaifu kuliko vyote.

Viungo huorodheshwa kwa uzito, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Kwa hiyo kakao, kwa jina lolote lililoandikwa pale, inapaswa kuwa ya kwanza. Tafuta asilimia 70 au zaidi. Namba hiyo hujumlisha unga wa kakao na siagi yake, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni sukari, hivyo paketi ya gramu 100 yenye asilimia 70 inaweza kuwa na sukari ya hadi gramu 30 hivi, na yenye asilimia 85 ikawa na gramu 15 hivi. Chokoleti nyeupe iache kabisa kwa lengo hili, kwa kuwa imetengenezwa kwa siagi ya kakao, sukari na maziwa, wala haina ule unga wenye flavanoli.

Kisha tazama mafuta. Chokoleti halisi hutegemea siagi ya kakao, ambayo sehemu kubwa ya mafuta yake yaliyoganda ni asidi ya steariki, isiyopandisha lehemu mbaya kama yafanyavyo mafuta mengine yanayoganda. Watengenezaji wa bidhaa za bei nafuu huiondoa siagi hiyo ghali na kuweka mawese au mafuta mengine ya mimea, nawe ukanunua pipi ya mafuta yenye rangi ya kakao.

Jambo la tatu hupitwa na wengi, hata na wasomaji makini. Tangu karne ya 19 viwanda vya Uholanzi vilianza kuichanganya kakao na alkali ili ipoteze ukali, ikolee rangi na ichanganyike vizuri na maji. Mlaji hupata ladha laini, lakini sehemu kubwa ya flavanoli huharibika. Ukiona neno alkali, au alama E500 na E501 zikihusishwa na kakao, fahamu kwamba weusi ule mzito umetokana na usindikaji, wala si ishara ya wingi wa faida. Ndiyo maana hata asilimia 85 haitoi uhakika kamili: uchachushaji, ukaangaji na alkali vyote hupunguza flavanoli, na asilimia hupima tu uzito wa kakao. Paketi inayotaja kiasi cha flavanoli ni adimu, lakini ukiipata, kipimo cha kulinganisha ni miligramu 200 kwa siku, ambazo Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilizikubali mwaka 2012 kuwa zinasaidia mishipa ya damu kubaki na unyumbufu wake.

Malizia kwa kuangalia alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Hatua ya tatu: Thibitisha kwa ulimi

Ukifika nyumbani, vunja kipande asubuhi kabla joto halijapanda. Chokoleti nzuri iliyo baridi hutoa mlio mkavu, na sehemu iliyovunjika huwa laini bila chengachenga. Weka kipande hicho juu ya ulimi bila kutafuna. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la kinywa, kwa hiyo kipande halisi kitaanza kulegea polepole na kuacha mdomo ukiwa safi, na ukali wake utakuja kwanza, kisha utamu hafifu baadaye. Kikiacha utando wa mafuta kwenye kaakaa kama mtu aliyelamba mshumaa, umenunua mawese. Kwa hapa Dodoma kuna ushahidi mwingine wa bure: chokoleti inayokaa dukani mchana wa Oktoba, karibu na mlango unaopigwa na jua, ikabaki ngumu kama kigae, ina mafuta ambayo si siagi ya kakao.

Hatua ya nne: Pima kiasi, na uondoe kitu kingine

Kwa mtu mzima ninapendekeza gramu 10 hadi 20 kwa siku, siku nne au tano katika wiki. Hesabu vipande vilivyomo katika paketi nzima, kisha ugawe uzito kwa idadi hiyo. Paketi ya gramu 100 yenye vipande 20 ina gramu tano kwa kila kipande, hivyo vipande vinne ndio mwisho. Vunja sehemu ya leo, funga paketi na uirudishe mahali pake kabla hujaanza kula, kwa sababu mkono ulio karibu na paketi iliyo wazi hauna kipimo.

Gramu 20 za chokoleti ya asilimia 70 hadi 85 zina takriban kilokalori 120, magnesiamu inayokaribia miligramu 45, nyuzinyuzi gramu mbili hivi, na kafeini kama miligramu 16, ambayo ni kidogo kuliko ya kikombe cha kahawa. Kilokalori hizo 120 zikiongezwa juu ya mlo uleule wa kila siku, utanenepa, na unene utaipandisha presha ambayo ulitaka kuishusha. Faida hupatikana pale chokoleti inapochukua nafasi ya kitu. Soda ya kawaida ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 au zaidi, wakati gramu 20 za chokoleti ya asilimia 70 zina gramu sita hivi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, sawa na gramu 25 hivi. Soda moja huivuka hesabu hiyo ya pili peke yake. Dada yangu aliacha soda ya saa kumi jioni na kuweka vipande vitatu vya chokoleti na glasi ya maji, na kwa maoni yangu kuachwa kwa soda hiyo kumemfaa zaidi kuliko chokoleti yenyewe.

Ipo sababu nyingine ya kutozidisha. Kakao inaweza kubeba metali nzito: kadimiamu inayofyonzwa na mti kutoka ardhini, na risasi inayotokana kwa sehemu kubwa na vumbi linaloshika mbegu zikiwa zimeanikwa. Mwaka 2022 shirika la Consumer Reports la Marekani lilipima chokoleti nyeusi 28 na kuzikuta zote zikiwa na metali hizo mbili kwa viwango tofauti. Mtu mzima anayekula kidogo na kubadilisha aina ya chokoleti mara kwa mara hana sababu ya hofu, lakini watoto na wajawazito wale kwa nadra, wala isiwe desturi ya kila siku.

Hatua ya tano: Wakati wa kula, na vya kula pamoja nayo

Kula chokoleti yako baada ya chakula cha mchana au alasiri. Kafeini na theobromini ya kakao, kichangamshi kinachofanana na kafeini, huwasumbua usingizini baadhi ya watu wakila usiku.

Karanga za Dodoma zinafaa sana kuliwa pamoja na chokoleti, kwa kuwa protini na mafuta yake hushibisha na kukufanya uridhike na vipande vichache. Chagua karanga zisizosinyaa wala kuwa na ukungu, kwani sumukuvu haiondoki kwa kukaangwa, na wakazi wa Dodoma na Manyara wanakumbuka maafa yake ya mwaka 2016 kupitia mahindi. Zabibu kavu zinazotokana na mashamba yetu huleta utamu bila sukari ya kijiko, ingawa nazo zina sukari yake na kiganja kidogo kinatosha.

Ndizi mbivu, kinyume na inavyodhaniwa, haipatani na kakao kwa lengo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California, Davis, uligundua kwamba flavanoli zikinywewa pamoja na ndizi iliyosagwa, kiasi kilichoonekana katika damu kilipungua kwa asilimia 84, kutokana na kimeng'enya kilekile kinachofanya ndizi iliyomenywa igeuke nyeusi. Kula ndizi yako wakati mwingine, na ukitaka tunda la kuchanganya na kakao, tumia nanasi, embe au chungwa.

Hatua ya sita: Pika uji wa uwele wenye kakao

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu huipeleka kakao katika nyumba ambazo paketi ya chokoleti nzuri ni gharama kubwa. Unga wa kakao usio na sukari una flavanoli nyingi zaidi kwa kila gramu, mafuta machache, na kopo moja hudumu wiki nyingi. Hakikisha ni unga wa kakao mtupu. Ile chokoleti ya kunywa inayouzwa kwenye makopo ya rangi za kuvutia mara nyingi ni sukari iliyotiwa kakao.

Kwa vikombe viwili, loweka kiganja cha zabibu kavu katika maji ya uvuguvugu. Koroga vijiko vitatu vikubwa vya unga wa uwele katika nusu kikombe cha maji baridi hadi mabonge yaishe, kisha mimina polepole katika vikombe viwili vya maji yanayochemka huku mwiko ukizunguka. Punguza moto na uache uji uchemke kwa dakika 10 hadi 15, ukikoroga mara kwa mara, mpaka ile harufu ya unga mbichi ipotee na mapovu yaanze kupasuka kwa uzito. Pembeni, weka vijiko viwili vya chai vya kakao katika kikombe kikavu na uidondoshee maji ya uvuguvugu kidogo kidogo huku ukiisugua kwa mgongo wa kijiko. Mwanzoni itayakataa maji na kuelea kama vumbi, kisha ghafla itageuka rojo zito linalong'aa. Epua uji, tia rojo hilo, kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa, na zabibu pamoja na maji yake. Kakao iingie baada ya kuepua ili isichemke muda mrefu bila sababu.

Uji utakuwa mchungu kidogo, na mdomo uliozoea sukari utalalamika. Anza kwa kijiko kimoja cha kakao katika wiki ya kwanza, kisha ongeza. Kwetu ilichukua siku tisa hivi kabla ya sisi wakubwa kuacha kuulizia bakuli la sukari.

Hatua ya saba: Ihifadhi kwa kuzingatia joto letu

Chokoleti hupenda mahali pakavu penye giza na nyuzi joto 15 hadi 18. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hutupatia hali hiyo bila gharama, lakini Oktoba na Novemba joto la mchana hupita nyuzi 30, na ndani ya gari lililoegeshwa juani hali huwa mbaya zaidi. Mwaka mmojawapo niliisahau paketi kwenye mkoba dirishani kuanzia asubuhi hadi jioni. Niliikuta imelegea, nikaiacha igande yenyewe usiku, na kulipokucha ilikuwa na mabaka meupe yaliyosambaa kama chokaa kwenye ukuta mkavu.

Kama una jokofu, ifunge chokoleti katika mfuko usiopitisha hewa, kisha uiweke ndani ya kopo lenye mfuniko, mbali na vitunguu na samaki, kwa sababu siagi ya kakao hunasa harufu upesi. Ukiitoa, usifungue kopo mara moja. Liache mezani kwa nusu saa ili jasho la ubaridi libaki nje ya kopo. Maji yakiigusa chokoleti huyeyusha sukari ya juu, nayo ikikauka huacha ngozi nyeupe yenye mchanga.

Asiye na jokofu atumie vyungu viwili, kimoja ndani ya kingine, na mchanga katikati, aumwagilie mchanga huo maji asubuhi na jioni, na afunike kwa kitambaa chenye unyevu mahali penye kivuli na upepo. Hewa kavu ya kiangazi cha Dodoma hukausha maji hayo haraka, na ukaukaji huo huondoa joto chunguni kwa nyuzi kadhaa. Chokoleti iwe ndani ya kopo lililobana, kwani unyevu wa chungu ni adui yake. Mvua zikianza na hewa ikapata unyevu, chungu hupoza kidogo tu, hivyo nunua paketi ndogo za kumalizika upesi.

Ile iliyopata mabaka meupe usiitupe kabla ya kuichunguza. Pitisha kidole juu yake: weupe wa mafuta ni laini, hufifia chini ya joto la kidole na hauna harufu, na chokoleti hiyo ni salama, ingawa imepoteza mng'ao na mlio wake; ikwangue kwa kisu ndani ya uji ulioepuliwa, itayeyuka vizuri. Weupe wenye manyoya au harufu ya uvundo ni ukungu, na hiyo itupwe pamoja na karatasi yake mahali ambapo mbwa hawafikii, kwa kuwa theobromini ni sumu kwao.